Polepole Mbele ya Wakwe

Nkolola, Ziwani
11 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na baba, na kwamba kikohozi chake kimeacha kumwamsha alfajiri. Sisi huku hatujambo. Lukresia amejua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Mimi nami sijambo, na tumbo halijambo, ingawa sasa linanitangulia kila mahali.

Naandika kwa sababu simu huku kwetu ni ya kutazamia saa tu. Ukitaka mtandao upande mlimani, na mlima wenyewe ndio habari niliyo nayo. Umeshuka, Mama. Mvua za wiki iliyopita zimeporomosha udongo juu ya njia yetu ya mguu ya kupandia Kingerikiti. Miti, mawe na shamba zima la mihogo vimekaa njiani, na bado vinateleza. Wazee wanasema mpaka kiangazi hapapitiki. Kwa hiyo nyuma yetu mlima, mbele yetu maji, na sisi tuko katikati kwenye kipande cha mchanga. Njia ya kutoka ni boti, boti ya abiria iko moja, mitumbwi ni ya kuvulia tu, na mwenye boti ni mume wangu.

Ungesema basi nina bahati. Sikiliza kwanza.

Vitalia, muuguzi wa zahanati yetu, ameuangalia mshono wa tumboni niliopata nilipomzaa Lukresia. Anasema sitajifungulia hapa hata kwa dawa. Lazima niende Mbamba Bay kabla ya siku zangu, nikasubirie karibu na hospitali. Akanishika mkono akasema tena, "Na usirushwe. Mshono wako si wa kurushwa-rushwa."

Baba Lukresia amepata mashine mpya, kubwa, ya kuvutia boti mbili kama ile yake. Tangu aipate, watu wamempa jina la Kimbunga, naye analipenda. Boti inapiga maji kama mtu anayetwanga, sisi abiria tunaruka na kukaa, tunaruka na kukaa. Safari iliyopita mtoto wa jirani alijigonga paji la uso kwenye ubao. Majaketi ya kuokolea yapo, lakini bado yamo kwenye nailoni zake, tunayakalia ili tusiumie makalio.

Tena kuna Wakwe. Hujawahi kufika huku, kwa hiyo nikueleze. Ukikaribia rasi iliyo kati yetu na Mbamba Bay, kuna mawe ndani ya maji, makubwa, mengi. Watu wa hapa wanayaita Wakwe. Tangu zamani nahodha akifika hapo anapunguza mwendo, anavua kofia, abiria wananyamaza, na chombo kinapita taratibu kama unavyopita mbele ya wakwe zako wakiwa wamekaa barazani. Mwaka huu ziwa limejaa mpaka limeingia kwenye bustani ya shule, na Wakwe wamezama. Zamani uliona migongo yao na ndege wamekaa juu. Sasa huoni kitu.

Baba Lukresia anapita hapo bila kupunguza. Anasema boti ikikimbia inainua kifua, basi inapita juu ya mawe bila kuyagusa. Nilipomwambia naogopa, alicheka akasema hofu hiyo nimeshuka nayo kutoka milimani pamoja na kahawa. Nilipomwambia maneno ya Vitalia, alisema atanifikisha haraka, na kufika haraka ndio usalama wenyewe.

Mama, sina njia nyingine. Nisipopanda nitazalia hapa. Nikipanda, sijui. Barua hii anakuja nayo Vitalia anayekwenda kuchukua dawa, sikumpa baba Lukresia.

Mwanao,
Beata


Kigonsera
24 Februari 2024

Mwanangu Beata,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya usipa, dagaa wenu wa ziwani, nikajua kweli imetoka kwako. Sisi wazima. Baba yako Placidi anakohoa lakini anakohoa akiwa shambani, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa. Mahindi yamesimama vizuri. Mibuni imebeba mpaka matawi yanainama.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Mimi nilikuozesha kwa mtu wa ziwani nikijua utakula samaki. Sikujua kwamba utafungiwa kama kuku kwenye tenga.

Sasa nikuulize, huyo mume wako anakimbilia wapi? Maana ninavyomkumbuka siku ya posa alikuwa mpole mpaka nikamwambia baba yako kijana huyu atachelewa hata kwenye mazishi yake. Alikaa ameinamisha kichwa kutwa nzima. Mpaka leo sijauona uso wake mzima, na yeye hajauona wangu, kama inavyopasa. Jina lake sijawahi kulitia kinywani, wala hapa silitii kwenye karatasi.

Ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa shangazi yake ningempigia simu siku anapokuwa Mbamba Bay nikamwosha masikio. Lakini mimi ni mama mkwe. Nikitaka kumwambia neno, neno hilo lazima lipite kwa mshenga. Basi nimempigia Clemence, yuleyule aliyetuletea posa, yuko hapo Mbamba Bay na biashara yake ya nguo. Nimemwambia apande boti hiyo mpaka Nkolola, akamweleze mkwe wangu kwa adabu kwamba binti yangu ana mshono na si gunia la mihogo. Clemence ana maneno matamu. Atamweka sawa.

Wewe kunywa uji, usibebe ndoo, na usali rozari. Mimi nasali ya kwangu nikipalilia.

Mama yako


Nkolola, Ziwani
10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa baba. Hatujambo, ila nimevimba miguu na silali vizuri.

Mshenga Clemence alifika. Aliongea vizuri sana, alianzia mbali, akapita kwenye habari za nguo na mvua, akaingia kwenye habari yangu polepole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Baba Lukresia alimsikiliza, akamkubalia kila neno, akamchomea samaki mkubwa, mbasa. Asubuhi yake alimrudisha Mbamba Bay. Clemence hakukueleza, kwa aibu, lakini niliambiwa na waliokuwemo: walipofika kwa Wakwe, baba Lukresia alifungua mashine mpaka mwisho. Walipotoka upande wa pili wakiwa wazima, abiria wakapiga makofi. Clemence alishuka bila viatu, vilikuwa vimeelea.

Baba Lukresia aliporudi nyumbani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa na kula kimya siku kadhaa, kisha akasema, "Umewapelekea watu wa kwenu habari kwamba sijui kazi yangu." Mama, mimi nampenda mwanamume huyu. Si mkorofi. Ila amekuwa mtu wa kushangiliwa, na makofi yale yamemfunga kuliko mlima ulivyonifunga mimi. Akipunguza mwendo sasa, wanamuuliza kama anaumwa.

Nilidhani wanawake wenzangu watanisaidia. Ottilia, anayenunua nyanya Mbamba Bay na kuziuza hapa kwetu, alinicheka waziwazi. Anasema zamani wakifika sokoni jua kali nyanya zimeshalainika, leo anafika wa kwanza, kwa hiyo niache woga nimwache Kimbunga afanye kazi. Kila mtu anaupenda mwendo ule isipokuwa mimi na mtoto aliye tumboni.

Vitalia anasema nisipitishe wiki ya kwanza baada ya Pasaka. Kila jioni nakwenda kuangalia ile njia ya mlimani kama udongo umehama. Haujahama. Nageuka, naangalia maji, halafu narudi ndani kupika.

Mwanao,
Beata


Kigonsera
21 Machi 2024

Beata mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima wote, baba yako anakusalimu na kusema ule maharage.

Clemence nimemsamehe viatu vyake. Nimefikiri mwenyewe.

Sikiliza. Watu wenu wanapunguza mwendo mbele ya mawe wakiyaita Wakwe, na mume wako ameacha kuyaheshimu kwa sababu hayaonekani. Vizuri. Basi nitamletea mkwe anayeonekana. Baada ya Pasaka nashuka Mbamba Bay kwa basi, napanda boti hiyo, nakuja kukuchukua mwenyewe. Kwenda nitakaa ndani yake na kurudi nitakaa ndani yake. Mwanamume aliyelelewa hawezi kukimbiza chombo ambacho mama mkwe wake amekaa ndani akirushwa-rushwa kanga zimfunuke. Hataweza hata kama watu wote wa ziwa watampigia makofi. Sitahitaji kusema neno. Nitakaa tu.

Baba yako ananiuliza kama nimewahi kupanda chombo cha majini. Sijawahi. Hata mto wa hapa bondeni navuka nikiwa nimeshika mtu. Nimemwambia nimezaa watoto sita, maji hayatanishinda.

Funga nguo zako. Nakuja.

Mama yako


Kigonsera
9 Aprili 2024

Mwanangu Beata,

Naandika kutoka nyumbani, si kutoka hapo kwenu kama nilivyoahidi. Najua mmesikia mengi. Nataka usikie kutoka kwangu.

Mbavu zangu zinauma lakini hazijavunjika. Hakuna aliyekufa. Ninaanza na hilo.

Nilifika ufukweni asubuhi, Clemence akanitangulia kuniombea nafasi. Mumeo aliponiona kwa mbali alivua kofia na kugeuza uso. Wakanipa ubao wa mbele kabisa, mahali pa heshima, wakatandika kanga. Mimi maji yananitisha, kwa hiyo sikuyatazama, nikakaa nimewageuzia watu uso na mbele nimeipa mgongo. Yeye akawa kule nyuma ameshika mkono wa mashine. Tukawa tunaelekeana, mwanzo wa boti na mwisho wake.

Na nikuambie, Beata, ilikuwa kama nilivyosema. Tulikwenda polepole, mwendo wa kusukuma baiskeli yenye mzigo kupanda mlima. Watu wakaguna. Ottilia wako akauliza leo Kimbunga ameamka na homa? Nilijifanya sisikii, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Nikasema, Kunigunda, umeweza.

Sikuwaza jambo moja. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, nami nilikuwa nimekaa mlemle anamotakiwa kutazama. Kila akiinua macho kuangalia mbele ananikuta mimi. Kwa hiyo alitazama pembeni, akatazama milima, akatazama miguu yake. Nahodha anayekimbiza kila siku macho yakiwa wazi, siku hiyo aliendesha taratibu bila kuona, kwa sababu ya adabu. Na mimi ndiye niliyemziba.

Tulipofika karibu na rasi alipunguza tena na watu wakanyamaza. Ule ukimya ndio ulionifanya nigeuke. Nikaona maji yamekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa, na chini yake kitu cheusi, kipana, karibu sana. Nikamwambia Ottilia, aliyekuwa jirani yangu, "Mwambie mkwe wangu mbele kuna kitu cheusi." Ottilia akasema, "Nimwambie nani?" Mashine inanguruma. Nikarudia. Akageuka kumwambia wa nyuma yake, na huyo amwambie wa nyuma yake, kama tunavyopokezana matofali. Nikaona hatutawahi.

Nikamwita. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Meshack, zima mashine. Jiwe."

Aliinua macho akanitazama usoni. Ana macho ya upole, Beata. Hukuwahi kuniambia.

Akazima, akasukuma ule mkono pembeni, boti ikageuka, lakini ilikuwa bado ina mwendo wake. Ikapanda jiwe kwa ubavu. Ubao ukapasuka, mimi nikaangukia kwenye ubao mwingine, na nyanya za Ottilia zikaenda ziwani zote. Halafu tukakaa. Tulikuwa juu ya jiwe, boti imeinama, maji yanaingia taratibu, na kila upande ni ziwa. Hakuna pa kwenda. Nikasema sasa najua binti yangu anaishi vipi.

Meshack alichana nailoni za yale majaketi kwa meno, akatuvalisha mmoja mmoja, mimi akanipitishia langu kwa mkono wa Ottilia. Kisha akashuka. Akasimama kwenye mteremko wa jiwe maji yakiwa kifuani, ameshikilia boti isiteleze kwenda kwenye kina, na mgongo wake ameuelekeza kwangu muda wote. Wavuvi wa usipa wakatukuta hivyo. Mzee mmoja alisema kwa mwendo wa kila siku wangekuwa wanatuokota vipandevipande. Wakatupakia kwenye mitumbwi yao, waliokuwa wanakwenda Nkolola wakaenda, mimi wakanirudisha Mbamba Bay kwa sababu ya mbavu.

Nilitaka nitafute mtumbwi wa kunileta kwako siku hiyohiyo. Clemence akakataa. Nimemtaja mkwe wangu jina mbele za watu na tumetazamana usoni. Mpaka kuku wa kuondoa aibu apelekwe na apokelewe, siwezi kukanyaga kwake wala kukaa ufuko mmoja naye. Nilibishana, nikalia, mwisho nikapandishwa basi. Desturi hiyo nimewafundisha wengine maisha yangu yote, nilipata wapi uso wa kuikataa?

Sasa mlima uko palepale na boti imepasuka. Njia yako moja uliyokuwa nayo nimeivunja nikija kuilinda. Sijui nijisifu kwamba alikwenda polepole, au nijilaani kwamba hakuona. Kuku nimemkabidhi Clemence, jike jeupe, lile linalotaga. Niandikie, mwanangu. Siku zako zimekaribia.

Mama yako


Kigonsera
20 Aprili 2024

Beata,

Hujambo? Naandika tena ingawa hujanijibu. Hapa tuko salama. Nimempigia simu Clemence, anasema kuku amekwenda Nkolola kwa mkono wa mvuvi, lakini upepo umeamka na mitumbwi haijarudi. Vitalia simu yake haipatikani, na nitaipataje kama yuko huko kwenu.

Baba yako ameacha kukohoa, au mimi nimeacha kumsikia. Nimesimama barabarani leo nikitazama mabasi yanayotoka Mbamba Bay, kama vile ungeshuka.

Kama barua hii itakukuta umeshajifungulia hapo, niambie ukweli. Kama itakukuta hupo, basi asome yeyote aliye hapo aniambie.

Mama yako


Mbamba Bay
12 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya siku zote ambazo hukuisikia. Natumaini mbavu zimepona na mmeanza kuandaa vikapu vya kuchumia kahawa. Najua Vitalia alikupigia simu kwamba niko hai na mtoto yuko hai, na najua ulimkatia simu kwa kulia. Haya mengine hayaelezeki kwenye simu ya mtu mwingine, kwa hiyo nimengoja mpaka niweze kukaa nikaandika.

Baada ya ajali, boti ilivutwa mpaka Nkolola ikalazwa mchangani. Kila nikitoka nje naiona tumbo wazi. Sikuwa na la kufanya. Nilianza kupata maumivu ya uongo, yanakuja na kuondoka, na kila yakija nasema ndiyo sasa. Upepo ukavuma mfululizo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, Mama, hata na wewe. Nisamehe, lakini nilikuwa nayo.

Kuku wako alipofika, baba Lukresia alimpokea kwa mikono miwili mbele ya wazee. Walimchinja wakamla, na mambo yakaisha kama yanavyopaswa. Usiku ule ndipo alipoongea. Alisema, "Nilikuwa naendesha polepole kwa ajili ya mama mmoja. Kwa nini sikuwahi kuendesha polepole kwa ajili yako?" Niligeukia ukutani. Sikutaka kumrahisishia.

Upepo ulipolala aliazima mtumbwi mkubwa wa kaka yake Xaveri. Hakuna mashine, makasia tu. Lukresia tulimwacha kwa bibi yake. Walinitandikia majani na mkeka, Vitalia akakaa kichwani pangu, wanaume wawili wakapiga kasia. Nilivaa jaketi juu ya tumbo mpaka nikafanana na mtungi. Tuliambaa karibu na nchi kavu, wimbi likija wanaacha kupiga, linapita, wanaendelea. Tulipumzika kila ufuko uliotukaribisha. Asubuhi ilikwisha, mchana ukaja, na mimi nilikuwa bado ndani ya mtumbwi, sina pa kugeukia, maumivu yakianza kuwa ya kweli. Mwendo ule ulinichosha roho. Nilitamani mashine, nakuambia ukweli.

Lakini sikurushwa hata mara moja.

Tulipofika kwa Wakwe walipandisha makasia. Baba Lukresia alivua kofia. Xaveri akawa anapapasa chini kwa upondo, na mtumbwi ukapita wenyewe. Nilichungulia. Jiwe liko chini kidogo tu ya maji, na juu yake kuna mchirizi wa rangi ya buluu, rangi ya boti yetu. Baba Lukresia aliliangalia mpaka tukalipita, akasema "Shikamooni" kwa sauti ya chini, kama unavyosalimu watu barazani. Hakuna aliyecheka.

Tulifika Mbamba Bay jua limeegemea. Nilipasuliwa jioni hiyohiyo. Daktari alisema mshono wa zamani ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi. Mtoto ni wa kike, ana sauti yako, ile ya kuita kupita mashine. Ameitwa Kunigunda. Baba yake hawezi kulitamka, unajua sababu, kwa hiyo anamwita Bibi.

Boti inatengenezwa. Abiria wengine wameanza kunung'unika kwamba atarudi mwendo wa konokono. Ottilia ndiye anayewanyamazisha. Majaketi yametolewa kwenye nailoni na yananing'inia kwenye msumari, kila mmoja anachukua lake akipanda. Kama itadumu sijui. Makofi ni matamu, nami siwezi kukaa kwenye boti kila siku kumlinda.

Ila nilipokwenda kuiona juzi, walipoivuta huku kwa fundi, nilikuta ameongeza kibao kidogo nyuma kabisa, nyuma ya mahali anapokaa yeye na mashine. Hakuna abiria anayeweza kukaa hapo, kuna kelele na moshi. Nilimuuliza ni cha nini, akajifanya anatafuta msumari. Xaveri ndiye aliyenieleza. Ni cha mama mkwe. Ukikaa hapo yeye atakuwa amekupa mgongo, na macho yake yatakuwa huru kutazama mbele.

Na amenituma nikwambie hivi, kwa heshima zote, kupitia kwangu: huko nyuma mashine inanguruma sana, kwa hiyo ukiona kitu usimtume mtu. Mwite jina lake.

Mwanao,
Beata